Fidla na kiegemeo cha bega: nani abebe mzigo?

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu huria, hifadhidata na visa vya watoa huduma za intaneti. Leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka kuandika juu ya fidla, ile ala ya nyuzi nne mnayoisikia kwenye taarab, na hasa juu ya kifaa kidogo kinachofungwa mgongoni mwake ili ikae vizuri begani. Tukiite kiegemeo cha bega. Swali lenyewe ni fupi: mpigaji akitumie au asikitumie?

Ukiona swali ni dogo, kumbuka vita vya vi na Emacs. Vihariri vyote viwili vilizaliwa mwaka 1976, na mpaka leo wako watu wazima, wenye watoto na mikopo ya benki, wanaoweza kununiana kwa sababu mmoja anatumia hiki na mwenzake kile. Wapiga fidla nao wana vita vyao. Kambi moja inasema kiegemeo ni mkongojo wa wavivu, kinakaba sauti ya mbao na kumgandisha mpigaji kama sanamu. Kambi ya pili inasema kupiga bila kiegemeo ni kujitafutia maumivu ya shingo bure. Mimi nimefundishwa na mwalimu wa kila kambi, na jambo hili liligusa vidole vyangu, ambavyo ndivyo vinavyonilisha. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kushika fidla.

Fidla ya mtu mzima ina urefu wa karibu sentimita 60 kutoka mwanzo hadi mwisho, na tumbo lake peke yake ni kama sentimita 35 na nusu. Ukiishika kwa mtindo wa Ulaya, upande wa mkia unakaa juu ya mtulinga, yaani ule mfupa wa mbele unaotoka shingoni kwenda begani. Juu ya fidla, karibu na mkia, kuna kibao cha mti kilichofungwa kwa skrubu. Hapo ndipo taya linapokaa. Hicho ni kiegemeo cha kidevu, na karibu kila fidla unayoiona leo inacho. Kiegemeo cha bega ni kitu kingine. Ni utepe mgumu wa mti au plastiki uliopindwa kufuata umbo la bega, una sponji upande mmoja, na una miguu ya mpira inayobana kingo za fidla kwa chini. Unakifunga ukitaka kupiga, unakifungua ukimaliza. Hakiachi hata tundu la msumari.

Sasa historia kidogo, kwa sababu katika ubishi huu kila mtu hudai kwamba mababu wako upande wake.

Fidla ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Antonio Stradivari, fundi ambaye fidla zake leo huuzwa kwa mamilioni ya dola, alifariki mwaka 1737 bila kuona kiegemeo cha kidevu wala cha bega. Leopold Mozart, babake yule Mozart mnayemjua, alichapisha kitabu chake cha kufundisha fidla mwaka 1756, na humo anaeleza namna za kuishika fidla bila kifaa chochote. Kiegemeo cha kidevu kilikuja na Mjerumani Louis Spohr, mwaka 1820 hivi. Yaani ala iliishi karibu miaka 300 kabla ya mtu kuifungia kile kibao ambacho leo tunadhani kimezaliwa nayo.

Kwa upande wa bega, watu walikuwa wakijisaidia kwa vitambaa na vimito. Tunajua kwa sababu wako waliowakemea. Leopold Auer, mwalimu mkubwa wa St. Petersburg aliyemfundisha Jascha Heifetz, alitoa kitabu mwaka 1921 na humo akapinga mito ya bega, akisema inapunguza sauti. Kile kiegemeo kigumu chenye miguu, ambacho wanafunzi wengi wananunua leo, kilitokana zaidi na kazi ya Joseph Kun, fundi wa fidla aliyekuwa Ottawa, Canada, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa lugha yetu ya kazi, hiki ni kiraka kilichoandikwa zaidi ya miaka 400 baada ya toleo la kwanza.

Wasiokitaka wakisikia hivyo hufurahi: mnaona, mababu hawakukihitaji! Lakini polepole. Hao mababu hawakupiga muziki uleule. Miziki ya zamani zaidi haikuupandisha mkono juu sana ya shingo ya fidla. Kadiri watunzi walivyoandika noti za juu zaidi, mkono wa kushoto ulilazimika kupanda na kushuka kwa kasi, na mkono unaoshuka huivuta fidla itoke shingoni. Ikabidi kitu kingine kiishike. Kiegemeo cha kidevu kilijibu tatizo hilo. Kiegemeo cha bega kikajibu tatizo lililobaki.

Tena hao mababu wa Ulaya si mababu wa kila mtu. Kusini mwa India fidla iliingia mikononi mwa wanamuziki wa huko wakati wa Baluswami Dikshitar, aliyezaliwa mwaka 1786. Wao hukaa chini, wakakunja miguu, mkia wa fidla ukaegemea kifuani na kichwa chake kikatua juu ya mguu. Ala imefungwa pande mbili, haiendi kokote, na mkono wa kushoto unateleza juu ya nyuzi unavyotaka. Kule Moroko wako wanaoisimamisha fidla juu ya paja. Hapa kwetu, orutu ya Wajaluo, ambayo ina uzi mmoja na upinde wake, huegemezwa kiunoni au tumboni. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji kifaa cha Ottawa, na hakuna anayepiga vibaya kwa sababu hiyo. Kila mmoja amepata mahali pengine pa kuuweka mzigo.

Mzigo. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Nilianza kujifunza fidla nikiwa na miaka 34, jioni baada ya kazi, hapa Nairobi. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee mtaratibu, mikono kama ya seremala. Siku ya kwanza alikitazama kiegemeo kilichokuja na fidla yangu, akakifungua bila kusema neno, akakiweka dirishani.

"Kijana wangu," akasema, "fidla haifungwi. Fidla inakaa, kama ndege."

Nilimpenda mzee yule na bado nampenda. Alinifundisha kusikiliza. Lakini mimi ni mrefu, na shingo yangu ni ya twiga. Kati ya mtulinga na taya langu kuna nafasi kubwa, na fidla peke yake haiijazi. Mwili haupendi nafasi tupu. Bega la kushoto likapanda lenyewe kuijaza, likakaa huko juu nusu saa, saa nzima, kila jioni. Mchana bega hilohilo lilikuwa limeinama juu ya kibodi.

Baada ya miezi kadhaa kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto vikaanza kuingia ganzi. Mwanzoni ilikuwa nikipiga fidla tu. Halafu ikawa nikishika usukani. Halafu, na hapa ndipo usingizi ulipokatika, ikawa nikiandika msimbo. Jamani, mimi sina shamba. Sina duka. Nina vidole kumi na kompyuta moja, na nyumba nzima inakula kutokana navyo.

Mtaalamu wa viungo niliyemwona aliniambia nije na fidla. Aliniacha nipige dakika tano, kisha akaweka kidole juu ya bega langu na kulisukuma chini taratibu. Fidla ikaning'inia. Akacheka. Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hutoka shingoni na kupita chini ya mtulinga, na mtu akikaza misuli ya pale kila siku, asishangae vidole vikilalamika. Akasema nina njia mbili: niache fidla, au nitafute namna ya kuishika bila kupandisha bega.

Mwalimu wa pili alikuwa kijana, amesomea nje. Yeye alikuwa kambi ya pili, na alikuwa na uhakika wa aina ile ya watu wanaokuambia mfumo wao wa uendeshaji haujawahi kukwama. Akanifungia kiegemeo kirefu, akazungusha skrubu hadi mwisho. Bega likashuka, na ganzi ikapungua. Nikashukuru. Lakini fidla nzima ilikuwa imepanda juu, na pamoja nayo mkono wa kulia ulioshika upinde ulilazimika kupanda ili kufikia nyuzi. Na kwa kuwa sasa fidla ilikuwa imebanwa juu na chini, taya langu likajifunza kubana. Nilikuwa nakamua fidla kama mtu anayekamua ndimu. Maumivu yalihama kutoka vidoleni yakaja sikioni.

Mhandisi akifika hapo anafanya nini? Anaacha kubishana, anapima.

Nikachukua mizani ya jikoni. Fidla yangu, pamoja na nyuzi na kiegemeo cha kidevu, ina gramu 500 kamili. Nikaiweka juu ya kidole kimoja mpaka ikasimama sawa bila kuanguka: sentimita 20 kutoka mwisho wa mkia. Hapo ndipo uzito wake ulipo. Sasa fuateni hesabu, si ngumu, ni ile ya pembea la watoto.

Bila kiegemeo cha bega, na bila kubana kwa taya, fidla imelala juu ya vitu viwili: mtulinga, ulio kama sentimita 3 kutoka mwisho, na mkono wa kushoto, ulio kama sentimita 46. Mkono unabeba 500 mara 17 gawa kwa 43. Jibu ni chini kidogo ya gramu 200. Huo ni uzito wa simu ya mkononi. Mtulinga unabeba zilizobaki.

Ukiwa na kiegemeo, na mkono umeachia kabisa, mhimili unakuwa pale kiegemeo kinapogusa bega, tuseme sentimita 9 kutoka mwisho. Uzito wa fidla uko sentimita 11 mbele ya mhimili. Taya liko sentimita 5 nyuma yake. Ili fidla isidondoke, taya lazima lisukume chini kwa 500 mara 11 gawa kwa 5, yaani gramu 1,100. Kilo moja na ushee.

Hizi ni namba za fidla yangu na mwili wangu, na ni za kukadiria. Zako zitatofautiana kidogo. Lakini zinasema jambo ambalo sikulisikia kutoka kambi yoyote: mzigo hauondoki. Unahama tu. Asiyetumia kiegemeo anaubeba kwa mkono. Anayekitumia anaubeba kwa shingo na bega. Hakuna kifaa kinachoufuta.

Na hakuna upande ulio mzito kupita kiasi. Gramu 200 mkononi si kitu cha kumtisha mtu, ndiyo maana Heifetz, Nathan Milstein na David Oistrakh walipiga maisha yao yote bila kiegemeo. Lakini lazima ujifunze kushuka na mkono bila kuivuta fidla, na hilo ni somo la miaka. Kilo moja ya taya nayo si kitu, kwa sababu kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu au 5. Kichwa kikilala tu, kama mtu anayesinzia kwenye matatu, kimeshafanya kazi mara nne ya inayohitajika. Hakuna haja ya kukaza msuli hata mmoja. Anayeumia na kiegemeo mara nyingi anaumia kwa ile nguvu ya ziada anayoiongeza kwa woga kwamba fidla itaanguka.

Kisha nikachukua rula. Kutoka mtulinga hadi chini ya taya langu, nikiwa nimesimama wima na kutazama mbele, ni sentimita 9. Fidla yangu pale mwisho ina unene wa sentimita 4. Kiegemeo cha kidevu kilichokuja nayo kilikuwa na sentimita 2 na nusu. Jumla 6 na nusu. Nafasi tupu: sentimita 2 na nusu. Mwalimu wa kwanza aliniacha niijaze kwa bega. Wa pili aliijaza kwa chini, akainua ala nzima. Kulikuwa na njia ya tatu, ambayo ni kuijaza kwa juu, kwa kuweka kiegemeo cha kidevu kilicho kirefu zaidi. Fidla inabaki chini, karibu na mtulinga, ambako mikono yote miwili inaifikia bila kupanda, na kichwa kinapata pa kulala.

Ni jambo la ajabu ukilifikiria. Viatu tunavinunua kwa namba. Shingo za watu zinatofautiana kuliko miguu, lakini fidla nyingi dukani huja na kiegemeo cha kidevu cha kimo kimoja, na tunakiona kama sehemu ya fidla. Ule mpangilio wa awali haujaguswa na mtu, halafu watu wanapigana kuhusu kiraka. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Nusu ya ubishi wetu mahali pa kazi ni juu ya viraka vinavyoficha kwamba faili la mipangilio halijafunguliwa tangu siku ya usakinishaji.

Fundi mmoja wa mbao alininyanyulia kile kibao kwa kipande cha mti cha sentimita 1 na nusu. Sentimita 1 iliyobaki nikaimalizia kwa sponji nyembamba chini. Ganzi iliondoka baada ya wiki kadhaa. Mnaposoma haya, vidole vyote kumi viko kazini.

Na sauti je? Maana wale wa kambi ya kwanza watasema nimeiruka hoja yao kubwa. Siiruki. Mgongo wa fidla hutetemeka. Ndani yake kuna kijiti kimesimama kati ya uso na mgongo, nacho hupeleka mtetemo wa nyuzi nyuma. Ukigusa mgongo kwa kitu laini, unaunyamazisha kidogo. Hoja ya Auer ina msingi. Lakini bega lenye koti nalo ni kitu laini, na kiegemeo chenye miguu hukiinua kile kibao cha mgongo kisiguse nguo. Upande mwingine, miguu hiyo hubana kingo na kuongeza uzito. Kwa hiyo kila njia inaondoa hiki na kuacha kile. Nimejirekodi kwa namna zote tatu kwa kinasa sauti kimoja, chumba kimoja, wimbo mmoja. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti kati yangu wa Jumatatu na yangu wa Ijumaa. Mpigaji mwenyewe huisikia zaidi kwa sababu sauti inampitia kwenye mfupa wa taya. Aliyekaa safu ya tano hana taya letu.

Anne-Sophie Mutter wa Ujerumani hupiga bila kiegemeo, mara nyingi bega likiwa wazi, fidla ikigusa ngozi. Hilary Hahn wa Marekani hukitumia. Anayetaka kuniambia mmoja wao hajui kupiga fidla, namkaribisha.

Kama ingekuwa ni shingo yangu tu, ningeishia hapo. Lakini kuna mtoto ndani ya habari hii.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 10 na anapiga fidla ya nusu, ile ndogo ya watoto, katika darasa la Jumamosi mtaani kwao. Fidla ni ya kuazima. Mwaka jana darasa hilo likatoa kanuni: kila mtoto aje na kiegemeo cha bega cha dukani, asiye nacho hatapanda jukwaani. Sababu waliyotoa ni afya ya watoto. Nia nzuri, sikatai. Lakini kiegemeo hicho kilikuwa zaidi ya shilingi elfu nne, na mtoto akikua na kuhamia fidla kubwa zaidi kinambana, unanunua kingine. Watoto wawili wakaacha kuja. Hakuna aliyewafukuza. Kanuni iliwafukuza kimya kimya, kama fomu ya mtandaoni inayokataa jina lako kwa sababu halina herufi wanazozitaka.

Dada yangu akanipigia simu. "Wewe ndiye mtu wa vifaa," akasema. "Tafuta namna."

Nilienda na rula yangu. Yule binti ana shingo fupi, kama mama yake. Nafasi kati ya mtulinga na taya lake ilikuwa inakaribia kujaa na fidla peke yake. Kilichobaki hakikufika sentimita 1. Kiegemeo cha dukani cha rafiki yake tulichojaribu kiliisukuma fidla mpaka karibu na sikio, akawa anatazama dari.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani ni lazima niwe mrefu ndiyo nipige fidla?"

Nilikwenda kwa wauza magodoro, nikapewa vipande vya sponji kwa bei ya chai. Nikakata kimoja kwa umbo la bega lake, nikakivika kitambaa cha leso kuukuu ili kisiteleze, nikakifunga kwa viraba viwili vinavyopita kwenye kona ya fidla na kitufe cha mkiani. Dakika ishirini za kazi. Tukajaribu unene tatu. Wa kati ndio uliomfanya alegeze bega bila kuambiwa.

Jumamosi nikaenda naye darasani. Nikamsalimu mwalimu, nikamwambia, "Mwalimu, sikuja kubishana na kanuni yako. Naomba umtazame akipiga bila kuangalia kilichofungwa chini." Akakubali. Akamtazama akipanda na kushuka noti zote nane, mara mbili. Akamgusa bega, akamgusa kidole gumba. Kisha akasema, "Huyu yuko sawa. Huyu apande jukwaani."

Alipanda. Kanuni, hata hivyo, bado iko ukutani, na wale wawili hawajarudi. Ndiyo maana siwezi kusema tu kwamba kila mtu afanye anavyopenda, jambo ambalo ndilo jibu la uvivu kwa ubishi wa aina hii. Kanuni ya "lazima utumie" ina watu inaowafungia nje. Kanuni ya "usitumie kamwe" ina watu inaowaumiza, na mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: unauona mwepesi kwa sababu haupo begani mwako. Mwalimu mwenye shingo fupi anaona kiegemeo ni upuuzi. Mwalimu mwenye shingo ndefu anaona ni haki ya binadamu. Kila mmoja anaeleza mwili wake, halafu anauita kanuni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitausimamia. Usianze na kifaa. Anza na pengo. Simama wima, tazama mbele, mabega yameanguka, na mtu akupimie kutoka mtulinga hadi taya. Toa unene wa fidla. Kinachobaki ndicho cha kujazwa. Kwanza rekebisha kiegemeo cha kidevu, kwa sababu hicho hakiinui ala. Kama bado kuna nafasi, ongeza kitu chini: sponji kama ni kidogo, kiegemeo chenye miguu kama ni kikubwa. Kama hakuna nafasi, usiongeze kitu, hata rafiki zako wote wawe nacho.

Kisha jijaribu kwa maswali matatu baada ya nusu saa ya kupiga. Je, bega la kushoto liko pale lilipoanzia? Je, meno yako yamegusana kwa nguvu? Je, unaweza kugeuza kichwa kumjibu mtu bila fidla kudondoka na bila wewe kushtuka? Ukijibu vibaya hata moja, mzigo umekwenda mahali ambapo hapaubebi, na jina la kifaa halitakusaidia.

Na walimu, hasa mnaofundisha watoto wa fidla za kuazima: andikeni kanuni juu ya bega, si juu ya duka. "Bega lisipande" ni kanuni nzuri. Inatekelezeka kwa elfu nne na inatekelezeka kwa kipande cha godoro.

Haya, ndiyo hayo. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata, naahidi. Kama kuna msomaji mwenye fidla ndani, au fundi wa mbao anayeweza kuchonga vibao vya kidevu vya vimo tofauti kwa bei ya hapa nyumbani, aniandikie. Nina vipimo vya watoto kumi na mmoja tayari, na rula bado iko mfukoni.